Jiko la Mzee na rangi yangu

Leo karibu nimuue Mzee wangu.

Lile jiko lake la kuchomea nyama, la tangu miaka ya sitini, nilichoka na kutu yake. Nikalipaka rangi ya mabati iliyobaki, nje na ndani.

"Mama Chebet, ndani acha," aliniambia.

Mimi nisikie? Wapi!

Tukawasha. Mvua ya mawe ikatufukuza, tukaliingiza jikoni. Rangi ikaanza kuungua, moshi mweusi wa kukaba koo. Nageuka, Mzee yuko chini!

Nilimburuta nje nikipiga nduru.

Akafungua jicho. "Nyama je?"

"Pumua kwanza, wewe!"

Kesho nakwangua ndani mpaka chuma kitoke. Rangi ya nje niache ama nitoe yote? Niambieni. Yeye amelala, na mimi nimekaa hapa namsikiliza akipumua.