Mashine Niliyomwambia Baba

Baba yangu ni fundi seremala Keko. Kabla hajanunua ubao anaugongaga kwanza kwa vidole, sikio kaliinamisha. Ukilia vibaya anaurudisha. "Huu una mdudu," anasema, muuzaji anaanza kulalamika.

Alipoota uvimbe shingoni nikampeleka mie hospitali, kwenye kipimo cha utrasaundi. Daktari alikuwa dada mmoja mpole.

"Shikamoo mzee wangu. Mashine hii inapiga sauti ndani, halafu inasikiliza inavyorudi." Kwenye skrini tukaona kivuli tu. "Uvimbe nauona, seli zake sizioni. Lazima nichome sindano nitoe kinyama, kikapimwe."

Baba akacheka. "Kumbe na wewe unagonga mbao."

Sindano akasema atafikiria. Mafundi wenzake wanaamini uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa, na yeye anaamini.

Mie kusubiri siwezi. Kabla hatujafika nyumbani nishasoma kwenye simu kwamba kuna watafiti wanatumia sauti hiyohiyo kuona seli mojamoja, zikiwa hai, bila kukata. Nikamwambia, "Baba, achana na sindano, kuna mashine inaona mpaka seli!"

Mwisho wa habari iliandikwa bado wanajaribu maabara. Sikufika mwisho.

Akashikilia hapohapo. Mama akimsihi, anajibu, "Nasubiri mashine ya binti yangu." Nilipokuja kuimalizia ile habari nikamwambia ukweli, akakasirika: "Si wewe ndo ulisema? Leo unataka wanikate?" Ningeweza kubishana zaidi. Sikubishana.

Kule kijiweni wakawa wanamtania. "Fundi, mashine yako imekwama Kurasini nini? Twende tukaitoe bandarini!" Na yeye anacheka, kola kaipandisha kuficha shingo.

Wiki iliyopita sauti yake ikaanza kukwaruza, chakula hakipiti vizuri. Ndo akakubali turudi. Daktari yuleyule. Akamshika shingo, akaubonyeza uvimbe pande zote.

"Mzee, miezi saba yote hii mlikuwa wapi?"

Baba akanionyesha kwa kidevu, anajivunia kabisa. "Huyu binti yangu kasoma. Kaniambia kuna mashine inaona seli bila kuchoma. Imeshafika?"

Daktari akaniangalia. Mie nikaangalia sakafu.

"Haijafika, mzee," akasema, akavaa glavu.

Baba akafumba macho. Mkono wake ukawa unapapasa hewani, unatafuta wangu.

"Haya," akasema. "Choma."