Mgongo wa Mwalimu Angela

Angela Mkoba alisomea ughaibuni kazi ya kuongoza orkestra, akarudi Bagamoyo akitarajia wapigaji hamsini. Aliwapata kumi na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiziba mapengo: ala isipokuwepo, huiandika upya sehemu yake ipigwe kwa zumari, na zumari isipofaa, huimba mwenyewe huku mikono ikiendelea kuongoza.

Jumamosi iliyopita walionyesha opera, hadithi inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, katika ukumbi wa parokia. Asubuhi ya siku hiyo Bilali, mpiga tarumbeta, alipiga simu kutoka Lugoba.

“Mwalimu, nisamehe. Mtoto ana homa kali, siwezi kuja.”

“Muuguze mwanao,” Angela akajibu. Hata nguvu ya kukasirika hakuwa nayo.

Jioni aliongoza kwa saa mbili, akaimba sehemu yote ya tarumbeta mpaka koo likamkauka.

Watu walipoanza kutoka, jirani yake, Bi Sabiha, alimfuata jukwaani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Wenzangu wamewatazama waimbaji. Mimi nimeutazama mgongo wako, maana ndio uliotugeuzia. Umechoka wewe.”

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Angela alitaka kucheka, machozi yakamtoka. Bi Sabiha akamvutia kiti.

Akaketi, akavua viatu. Siku zote yeye ndiye hupanga viti vya ukumbi baada ya onyesho. Safari hii aliwaachia wengine, akabaki akiwatazama.