Dereva anayemtafuta elki aliyemgonga

Saa tisa na nusu alfajiri, mwisho wa Mei, Wacław Sieńko amelala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa kando ya mto Biebrza, kwenye hifadhi ya vinamasi kaskazini-mashariki mwa Poland. Koti lake linanuka zizi la ng'ombe hadi unatamani kuziba pua. Mwenyewe anafurahi. Kwa wapiga picha za elki wa huku, harufu hiyo, inayoficha ile ya binadamu, ni nusu ya kazi.

"Usikohoe," anamnong'oneza mwandishi aliyelala pembeni yake. "Kama ulitaka kukohoa, ungebaki nyumbani na mke wangu."

Kamera yake imeelekea kichaka cha mierebi, mti ambao elki, mnyama yule wa jamii ya kulungu mwenye miguu mirefu na pua nene, hawezi kuupita bila kuutafuna. Wacław ana miaka hamsini na saba na goti moja bovu. Majira ya baridi huendesha gari la kusukuma theluji, kiangazi huziba mashimo ya barabara. Lenzi aliinunua kuukuu kwa zloti elfu tano, mshahara wa mwezi mzima, na mkewe, Gienia, akamnunia siku tatu.

"Siku ya nne akaiona picha ya kwanza," Wacław anasimulia. "Akasema, haya, angalau si mwanamke mwingine."

Kumbe mwingine alikuwapo. Ni elki jike mrefu kuliko farasi, sikio la kushoto limechanika, ambaye amempiga picha kwa miaka sita. Anamwita Mama Mkwe.

"Anakutazama kama vile hujawahi kufanya la maana maishani. Lakini akitokeza tu, ndugu yangu, moyo unanienda mbio kama kijana anayekwenda kuposa. Miaka sita, na bado sijazoea!"

Februari, asubuhi moja ya ukungu mzito, Mama Mkwe alikatiza mbele ya gari la theluji. Wacław akakanyaga breki, gari likateleza, likampiga pajani. Alianguka, akainuka, akaingia msituni akichechemea, akiacha damu juu ya theluji. Alikuwa na mimba.

"Nilimjua kwa lile sikio. Nikashuka nikamwita. Mjinga mimi, nikamwita kwa jina."

Walinzi wa hifadhi walitafuta siku mbili wakakata tamaa. Wacław aliendelea. Kila alfajiri kabla ya kazi aliingia kinamasini na buti zake za mpira. Alipungua kilo nane. Picha aliacha kabisa. Kamera ilibaki ya kuangalizia mbali tu.

Kisha ikaja Pasaka na balaa lake. Wiki ile kila nyumba ya huku hugeuzwa ndani nje: mapazia, mazulia, madirisha, hata paka hujificha asije akasuguliwa. Gienia akalikuta koti la kinamasini nyuma ya mlango. Akalifua mara mbili, akalitia na dawa ya kulainishia nguo yenye harufu ya maua.

"Nilimwonea huruma," Gienia anajitetea. "Mtu ana huzuni, basi angalau awe msafi!"

Kwa wiki nne baada ya hapo, Wacław hakuona elki hata mmoja. Wote walitoweka.

"Nikasema basi, wamenisusa. Na sababu ninaijua."

Aliyemzindua ni jirani yao Stefka, mfugaji, walipokutana dukani. "Wee Wacław! Mbona unanukia kama bibi harusi? Ningekuwa elki ningetimka hadi Belarusi!" Akamvua koti palepale, akaenda kulitundika zizini kwake, juu ya ng'ombe kumi na wawili, wiki nzima.

Leo ndiyo mara ya kwanza kulivaa tena.

Jua likianza kuchomoza, mierebi inatikisika. Inatokea pua, halafu sikio lililochanika. Mguu wa nyuma anauburuta kidogo, lakini anatembea. Nyuma yake anakuja ndama mwekundu, miguu ikimgongana. Halafu wa pili. Mapacha!

Mama Mkwe anasogea mpaka hatua ishirini hivi, anasikika akitafuna. Anamtazama Wacław kwa dharau zake zote. Kamera inalia mara mbili, kisha kimya. Mpiga picha haoni kitu kwa machozi.

"Mungu wangu, yuko hai," anasema walipokwisha kuondoka, taratibu, bila kumjali mtu. "Yuko hai, mwenye kiburi yule!" Anacheka huku analia, matope hadi kidevuni. Anampigia simu Gienia, naye anapiga ukelele unaosikika hata na aliye pembeni.

Theluji ikirudi, barabara ya vinamasini ataipita kwa kilomita ishirini kwa saa. Bosi ameshaambiwa, na hakupenda. Magari ya maziwa yatachelewa, basi la shule litachelewa, na wote watampigia honi kwa nyuma.

"Wapige," anasema Wacław, akifuta lenzi kwa shati. "Waniite konokono, waniite mzee. Mimi nina watatu wa kuvusha."