Bwana Doa na Mafuta ya Mama Mkwe

Kazini walimwita Bwana Doa, na jina halikumuudhi. Kazi yake ilikuwa kupima dawa kwa njia ya haraka. Anasaga kidonge, anakiyeyusha kwenye spiriti, anadondosha tone chini kulia mwa kibao kidogo kilichopakwa unga mweupe. Kushoto anaweka tone la dawa inayojulikana kuwa safi. Kibao anakisimamisha kwenye gilasi yenye kimiminika kidogo, nacho kimiminika kinapanda taratibu kikiyabeba matone. Kisha anawasha taa ya zambarau. Akiona doa moja kila upande, kimo kimoja, dawa ni safi. Likijitokeza la ziada, kuna mtu kachanganya mambo.

Nyumbani alikuwa kero. Asali ikinunuliwa, ataigeuzageuza kwenye mwanga mpaka mkewe amwambie, "Baba watoto, hiyo ni ya kula, haijashtakiwa."

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja aliamka mgongo umemkaza. Mama mkwe wake, mwenye duka la dawa, alikuwa amemletea chupa ya mafuta ya kuchua, makali kiasi kwamba hata paka alihama chumba. Bwana Doa akajichua, akasuuza mikono kwa maji matupu, akaenda zake kazini.

Vikaletwa vidonge vya presha, vimevuliwa karatasi zake, vina namba tu ili mpimaji asijue ni vya nani. Akapima. Kulia, doa la ziada. Akarudia, likatoka lilelile. Glovu hakuvaa; zinamziba vidole, ndivyo alivyozoea kusema.

"Huyu anawauzia watu takataka," akamwambia bosi wake. Bosi akampigia simu mkaguzi, duka likafungwa.

Kabla ya chakula cha mchana mlango ulifunguliwa, akaingia mama mkwe, mkoba kwapani.

"Namtaka aliyepima vidonge vyangu."

Bwana Doa akasimama haraka, akamwamkia.

"Kumbe ni wewe, mkwe wangu?"

"Sikujua ni vyako, mama."

"Ungejua?"

"Ningepima hivyohivyo."

"Vizuri. Basi pima tena, nikuone. Duka hilo likinitoka, nahamia kwako moja kwa moja."

Bwana Doa akakimbilia vibao.

"Subiri," bosi akasema. "Safari hii usiweke dawa yoyote. Tukione kibao chenyewe."

Bwana Doa akakitoa kwenye boksi, kidole gumba kimekamata chini kulia kama ilivyo ada yake, akakisimamisha kwenye gilasi. Wakangoja. Taa ilipowashwa, doa lilikuwa pale pale, linang'aa.

"Hongera," bosi akasema. "Umekamata dawa chafu mahali pasipo na dawa."

Bwana Doa akaweka kidole gumba chini ya taa. Nacho kiling'aa. Akakinusa, akafumba macho.

"Usijisumbue kunusa," mama mkwe akasema. "Tangu niingie nayasikia mafuta yangu."

Bosi akavaa glovu, akapima mwenyewe. Doa moja kila upande, sawa kwa sawa. Akampigia tena mkaguzi: duka lifunguliwe.

Mama mkwe alikuwa amekaa, mkoba magotini, anamtazama mkwewe. Bwana Doa akasubiri kusemwa.

"Mgongo unaendeleaje?"

"Umepona kabisa, mama."

"Basi jioni nirudishie chupa yangu."