Kiti cha Bi Mvuke

Wifi yangu amesimama miaka kumi na minne. Nikisema amesimama si mafumbo, ni kusimama kwa miguu. Saa moja asubuhi anashika pasi, saa kumi na mbili jioni anaiweka, na katikati hapo kuna nusu saa ya kula ambayo nayo robo yake inaishia kwenye foleni ya bomba. Kiwanda chetu kinashona mashati ya kupelekwa nje. Mimi nashona kola, nimekaa kwenye mashine. Yeye yuko mwisho wa mstari anapiga pasi, na ule mvuke umemla nyusi mpaka zimebaki za kuhesabika. Ndiyo maana kazini wanamwita Bi Mvuke. Mimi namwita wifi, kwa sababu nimeolewa na mdogo wake, na kwa sababu kumsumbua ni haki yangu.

Jioni tukifika nyumbani, mume wangu anamwekea dada yake beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi. Miguu ile, jamani! Viatu amevichana pembeni kwa wembe ili vidole vipate pa kutokea. Juu ya kifundo cha mguu wa kushoto kuna kidonda kilichogoma kufunga tangu mvua zilizopita. Daktari wa zahanati alimwambia bila kuzunguka, "Mama, dawa yako si hii ninayokupa. Dawa yako ni kukaa. Ukiendelea kusimama, mguu huu utakuja kukatwa."

Wifi akacheka. "Nikikaa, shati litajinyoosha lenyewe?"

Lakini kiwandani ipo kazi ya kukaa. Kuna meza ya kukata nyuzi: kina mama sita, mikasi midogo sita, na viti sita vyenye egemeo. Mmoja wao alikuwa anaacha kazi mwisho wa mwezi. Wifi akasikia. Jioni, miguu iko ndani ya beseni, akaniuliza, "Kile cha dirishani, si ndicho?" Ndicho. Alishakikariri mpaka misumari yake, na kesho yake akakiomba kwa msimamizi.

Msimamizi wetu tulimwita Haraka, kwa kuwa neno lenyewe halikumkauka mdomoni. Haraka hakuwa mjinga. Wageni walikuwa wanakuja, wakaguzi waliotumwa na wanunuzi wa mashati, kuangalia kama kampuni inatimiza ahadi yake. Ahadi yenyewe iko ukutani, ndani ya fremu ya kioo karibu na mlango: kampuni inaheshimu haki za binadamu, hakuna anayelazimishwa kazi, hakuna anayedhalilishwa, kila mfanyakazi ana thamani. Imeandikwa vizuri, sikatai. Kioo chake hufutwa vumbi wageni wakikaribia tu, kwa hiyo tukiona kitambaa kinapita pale, tunajua.

Kitu kingine kinachobadilika wageni wakija ni kibao. Kilikuwa kipande cha ubao ukubwa wa kiganja, kimeandikwa CHOO kwa rangi nyekundu, kinaning'inia kwenye msumari kando ya meza ya Haraka. Mstari wetu una watu thelathini na wawili, kibao kimoja. Ukibanwa, unanyoosha mkono. Haraka akikuona, tena akiamua kukuona, anaitikia kwa kichwa, unachukua kibao, mbio. Bila kibao mlinzi wa koridoni anakurudisha. Watu wazima, wengine wana wajukuu, mikono juu kama watoto wa darasa la kwanza. Na tulishazoea, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Basi wiki ya wageni kibao kikaingia kwenye droo, na Haraka akamwita wifi pembeni ya mashine yangu. Masikio yangu hayana pazia.

"Bi Mvuke, wewe una busara, unajua kuongea na wageni. Wakikuuliza kazi ya ziada?"

"Ni ya hiari."

"Choo?"

"Tunakwenda tukitaka."

"Safi kabisa. Kile kiti cha dirishani sijakisahau, mama."

Njiani nikamrukia. "Hiari gani, wifi? Hiari ya kufungiwa geti?"

"Nimechoka," akasema. "Wewe umekaa."

Kweli, mimi nilikuwa nimekaa.

Yaliyotokea ofisini alinisimulia mwenyewe. Aliitwa saa nne asubuhi. Chumba kina feni, na mkaguzi ni binti ambaye wifi angeweza kumzaa, daftari mapajani, sauti ya upole. "Karibu mama, kaa." Wifi akakaa. Hapo ndipo akili ilipoanza kumponyoka, anasema, maana kiti kilikuwa na mto. Siku ya kazi, asubuhi, na miguu yake haijabeba kitu! Alitamani maswali yawe mia.

Kazi ya ziada? Ya hiari. Matusi? Hakuna. Choo? "Tunakwenda tukitaka, mwanangu, nani atuzuie?" Yule binti akawa anaandika, huku akimmiminia maji. Wifi akanywa glasi ya kwanza, akanywa ya pili. Sisi kazini hatunywi maji ovyo, unakunywa ukikifikiria kibao. Siku ile alijisahau. Binti akageuza ukurasa, bado anaandika, na wifi akabanwa.

Akanyoosha mkono.

Hakufikiri. Mkono wa kulia ulikwenda wenyewe, juu kabisa, kiganja wazi, na macho yakamganda yule binti usoni yakisubiri aitikie.

"Unataka kusema kitu, mama?"

"Hapana. Naomba kwenda chooni."

"Si uende tu?"

Na mkono bado uko juu. Wifi anasema aliutazama kama wa mtu mwingine. Binti naye akautazama. Kalamu ikasimama.

"Mama, kule ndani mnamwomba nani?"

Kuvunga kulikuwa rahisi. Angesema ni uzee, angesema ni mazoea ya shule, wakacheka yakaisha. "Kile kiti nilikiona, wifi," aliniambia. "Nilikiona na egemeo lake." Akashusha mkono.

"Haraka," akasema. "Kibao kipo. Droo ya pili, chini ya daftari la mahudhurio."

Ukishaanza hakuna breki. Akataja geti linalofungwa mpaka oda iishe. Akamtaja dada wa mashine ya tisa, aliyejikojolea akiwa ameketi, na sisi sote tukajifanya tunatafuta uzi. Ushujaa haukuwepo, anasisitiza hilo. Alichoka, hata kusema uongo kukamshinda.

Kibao kilitolewa kwenye droo mbele ya mkurugenzi mwenyewe. Haraka akahamishiwa ghalani. Chini ya fremu wamebandika karatasi mpya: kwenda chooni hakuhitaji ruhusa. Na bado watu wananyoosha mikono. Wanakumbuka wakiwa wameshainua, basi wanajifanya wanajikuna kichwa. Mimi mwenyewe juzi nimejikuna.

Na kiti? Alipewa msichana wa vifungo, miaka ishirini, miguu yake mizima. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Msimamizi mpya, mpole kweli, alimwambia wifi, "Mama, kwenye pasi hatuna wa kuziba pengo lako." Nilitaka kumrushia mkasi! Mstari mzima unakwenda chooni kwa mdomo wa mtu mmoja, na mtu mwenyewe amerudishwa kwenye mvuke na kidonda chake. Wifi hakubisha. Aliitikia tu, akashika pasi.

Jana saa tano nikamwona ameiweka pasi chini. Hakunyoosha mkono, hakumtazama mtu, akaondoka akichechemea. Dakika tano. Kumi. Robo saa. Mashati yakarundikana mezani pake, na mimi nikaufikiria ule mguu. Nikainuka nikamfuata. Mlango wa choo cha mwisho ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Wifi! Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa unafanya nini humo muda wote huo?"

Nikamsikia akishusha pumzi ndefu.

"Nimekaa," akasema.