Mbeyu Alipokula Ukuta

Wanaosema Mbeyu alirogwa ni watu wasioijua njaa. Mimi ni jirani yake, dirisha la jiko langu linatazamana na mlango wake wa nyuma, na nitaeleza nilivyoona, pamoja na yale ninayoyaonea haya.

Mbeyu ni mtu wa Msambweni. Aliolewa huku kwetu Mwabungo akiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka uleule yeye na mumewe Chirau wakajenga. Chirau na kaka yake Alfani walikata miti na fito, wakasimamisha mifupa ya nyumba kwa siku tatu, wakapongezana. Kilichobaki kikawa cha Mbeyu. Udongo mwekundu aliuchimba yeye bondeni akaubeba kichwani. Maji aliteka yeye. Aliukanyaga udongo kwa miguu yake, akakandika vyumba vitatu na ukumbi, mwezi na nusu mzima, naye ana mimba. Mimba ikatoka, na hakupata nyingine. Kila mwaka kabla ya masika alikandika upya palipopasuka, na kila mgeni aliyekuja alimsifu Chirau kwa nyumba yake nzuri.

Alikuwa mpishi wa arusi na hitima. Ukiona masinia ya pilau yanapelekwa kwa wanaume, nyama juu, jua Mbeyu yuko kule nyuma anapambana na moshi. Yeye alikula ukoko, tena kwa kusimama. Miaka ishirini na miwili ya ujirani sikuwahi kumwona ameketi akala. Nilikuwa nikimtania, "Wewe Mbeyu, tumbo uliliacha kwenu Msambweni?" Alicheka tu, akaendelea kusugua sufuria.

Chirau akafa ghafla shambani, mwezi wa pili. Mbeyu akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya marehemu, kama sheria inavyotaka. Alfani naye alikuwa keshazungumza na mtu mmoja wa Galu aliyekitaka kiwanja kile ajenge vyumba vya watalii. Kumtoa mjane ndani ya eda asingeweza, mji wote ungemtemea mate. Lakini mjane akitoka kwa miguu yake mwenyewe, akakimbilia kwao kabla ya siku kutimia, nani angemtetea? Wazee wangesema nyumba kaitupa mwenyewe.

Basi akamshindisha njaa. Hakulitamka neno hilo, ana adabu zake yule. Alisema chakula cha mjane ni jukumu la ukoo wa marehemu, na yeyote atakayepeleka sahani anautukana ukoo. Waume zetu wakatukataza. Mke wa Alfani, Fauzia, ndiye aliyetumwa kupeleka chakula. Wiki ya kwanza ilikuwa ugali na samaki. Wiki ya tatu, ugali na maji ya samaki. Baada ya mwezi ukawa uji mwepesi mara moja kwa siku, na Fauzia aliuweka kizingitini akaondoka mbiombio, asije akaulizwa. Mimi jikoni kwangu nilikuwa na wali wa nazi. Nilikuwa nao kila siku, na kila siku niliula. Nilimwogopa mume wangu, sina la kujitetea.

Masika yakaanza. Mwanamke yeyote aliyewahi kubeba mimba huku kwetu anajua ukuta wa udongo unavyonukia mvua ikiugusa. Mate hujaa mdomoni. Wengi wetu tuliwahi kumega kidogo kwa siri, tukakaripiwa kama watoto.

Alasiri moja haya ikanishinda. Nikaficha chapati tatu ndani ya buibui nikavuka. Nilimkuta Mbeyu ameketi mkekani, amekunja miguu vizuri, ameuelekea ukuta. Kando ya kitanda palikuwa na tundu kubwa kama sinia. Alimega pande, akatia mdomoni, akatafuna bila haraka. Midomo yake ilikuwa myekundu.

"Mbeyu! Wafanya nini?"

"Nala, Hafsa. Karibu."

"Utakufa, mamangu!"

"Na kwa uji ule ningeishi?"

Nikamtolea chapati. Alizitazama, akanirudishia mkononi. "Kampe mumeo," akasema. "Mimi nimekipata changu."

Ndipo nilipoanza kuogopa. Mtu anayekula udongo hukonda, akawa wa manjano. Mbeyu alinenepa. Mashavu yakarudi, mikono ikajaa, nywele zikawa nzito. Uji ulibaki mlangoni hadi ukaingiwa na siafu. Kuku wangu waliacha kupita upande ule. Na adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini na mji umetulia, nilisikia kutafuna kwake kutoka jikoni kwangu, kwa utaratibu, na mara nyingine niliapa kwamba si mdomo mmoja.

Habari zikamfikia Alfani, naye akafurahi. Akamleta Kahaso, mganga wa kike kutoka upande wa Lunga Lunga, ili atamke mbele ya wazee kwamba Mbeyu ana pepo, achukuliwe akatibiwe mbali. Kahaso alijifungia ndani na Mbeyu asubuhi nzima. Hatukusikia kayamba wala kunusa ubani. Alipotoka, alijifuta mdomo kwa pindo la leso.

"Ana pepo," akasema. Alfani akatabasamu. "Pepo wa kike, ana njaa ya siku nyingi. Ataka udongo wa nyumba hii. Asikatazwe mpaka ashibe. Atakayemzuia, pepo atahamia kwake."

Anachodai pepo hupewa. Mama yake Alfani aliwahi kupandwa na pepo akadai mbuzi mweusi, na Alfani mwenyewe ndiye aliyemtafuta mbuzi huyo. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mganga kamleta yeye, angempinga kwa mdomo gani?

Tangu siku hiyo tuliingia waziwazi. Tulisema twenda kumuuguza. Kwanza tulikaa tukimtazama, kisha mmoja akanyoosha mkono. Wangu ulifuata. Udongo ule ulikuwa na chumvi, kisha moshi, kisha ladha niliyoijua nikashindwa kuitaja, hadi nilipojilamba mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa jasho. Nikalia pale pale, nikaendelea kutafuna, na raha niliyoisikia sijawahi kuisikia tena. Tulifika wanawake kumi na wawili, tumeegemeza vipaji vya nyuso kwenye ukuta. Fauzia alisimama nje na kikombe chake cha uji, akituangalia kupitia matundu. Tulimkaribisha. Alitikisa kichwa, lakini hakuondoka.

Nyumbani nilimpakulia mume wangu, kisha nikaketi mbele yake nikala naye. Alinitazama meno, akaivuta sahani yake karibu.

Siku ya eda kwisha tulimwogesha Mbeyu asubuhi, tukamvisha leso mpya, tukaketi naye. Alfani akaja na wazee wawili na yule mtu wa Galu. Makuti yalikuwa juu, miti imesimama, fito zimefungwa kama zilivyofungwa siku ya kwanza. Katikati yake tulikuwa sisi, na jua likipita kutoka upande huu hadi ule.

"Nyumba iko wapi?" Alfani akauliza.

"Miti yenu hiyo, shemeji," Mbeyu akajibu. "Haikuguswa hata fito moja."

"Na kuta?"

Mbeyu akaweka mkono juu ya tumbo lake. Yule mtu wa Galu akageuka, akaenda kwenye gari lake bila kuaga.

Alfani akamgeukia Mbeyu. "Haya, sasa huna pa kulala. Eda imekwisha. Rudi kwenu."

"Naondoka," Mbeyu akasema.

Akainuka, nasi tukainuka. Alimpita Alfani karibu sana, hata shemeji yake huyo akarudi nyuma. Lakini hakushika njia ya barabarani, ya kwenda Msambweni. Alishika ile ya kushoto, inayokwenda kwa Alfani, kwenye nyumba ya mawe iliyopakwa chokaa nyeupe, ambayo Alfani hujisifu ameijenga peke yake na sote twajua nani alibeba maji na kokoto. Alfani alituita. Kisha alitukimbilia. Hakuna aliyegeuka.

"Hodi," Mbeyu akasema mlangoni.

Fauzia alifungua. Mdomo wake wote ulikuwa mweupe kwa chokaa, na ncha za vidole zilikuwa zikitoka damu.

"Karibu, dada," akasema, akasogea kando ya ukuta kumpa nafasi.