Tulivyouhamishia mchezo wa Sista Imelda "Broadway" ya Doha, na supavaiza akataka nafasi

Wakuu, salamu kwenu mlioko zamu, na nyinyi mliotoka zamu mkaamua kusoma nyuzi badala ya kulala.

Kisa hiki kilinipata mwenyewe, sikuambiwa na jirani. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Majina nimebadilisha, kwa sababu wengine bado wako Gulf, na mmoja wao bado anatembea na daftari.

Nilikuwa Doha, security guard, miaka ile metro bado ni mashimo na mabango. Kempu yetu ilikuwa upande wa Umm Salal, vyumba vya watu sita sita. Posti yangu ilikuwa The Pearl, kwenye jengo moja la wenye nacho. Kazi: kufungua mlango, kuandika namba za magari, kutabasamu.

Na kuhesabu. Mlinzi anahesabu funguo, anahesabu mafundi walioingia, halafu anarudia kwa sababu hesabu ya kwanza huwa na uongo ndani yake. Mimi tabia hiyo nilizaliwa nayo Nakuru. Huko nilikuta wanailipia mshahara.

Sasa tuje kwenye mchezo.

Sista Imelda alikuwa nesi, mtu wa Kakamega. Miaka sita kabla ya kisa hiki aliandika mchezo wa kuigiza, "Meneja Amerudi", ukachezwa mara moja tu kwenye mess, ukumbi wa kulia chakula wa kempu yetu. Pazia lilikuwa shuka mbili zilizoshikwa na wanaume wawili, na mmoja alipopiga chafya watazamaji walimwona mchezaji mkuu akivaa suruali.

Wachezaji wote wa enzi hizo mikataba iliisha wakarudi nyumbani. Sista akabaki na karatasi.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Jamaa anaitwa Musa anarudi kijijini kutoka Gulf, anawaambia watu huko alikuwa meneja mwenye watu arobaini chini yake. Mzee wa boma jirani anakaribia kumpa binti. Ghafla bosi wake wa kweli, aliyekuja Kenya kutalii wanyama, anaulizia nyumba ya mlinzi wake. Musa anaingia chini ya kitanda. Bosi anaingia, anaangalia, anatoka. Halafu mama yake Musa anamtoa mwanawe mvunguni na kumpa hotuba ndefu kuhusu ukweli. Kurasa nane, wakuu. Sista alikuwa ameziandika upya mara nyingi kuliko anavyokumbuka.

Ijumaa moja tukiwa tunakunywa chai, Sista akaniambia amesoma habari za huko New York.

"Njoro, kuna mchezo wa zamani wameufufua kwenye ukumbi mdogo, sasa unahamishiwa Broadway. Haujaanza, na watu washapanga foleni ya tiketi."

"Wanangoja kitu ambacho washakiona?"

"Ndiyo utamu wenyewe. Na changu je?"

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Mkataba wake ulikuwa umebaki miezi miwili, na alikuwa amekataa kuongeza. Alitaka jambo moja kabla ya kupanda ndege: auone mchezo wake mara moja, juu ya jukwaa la kweli, lenye pazia linalofunguka kwa kubonyeza.

Mimi nilijua pazia hilo liko wapi.

Chini ya jengo nililokuwa nalinda kulikuwa na ukumbi. Taa, jukwaa, pazia jekundu la umeme. Mwaka mzima ulitumika mara tatu, na mara moja kati ya hizo ilikuwa birthday ya paka. Sitanii.

Msimamizi wa jengo alikuwa mama wa Kilebanoni, Madam Rima. Nilianza kwa kuomba Ijumaa nne. Akasema hapana. Nikaomba mbili, akacheka. Nikaomba moja nikiwa na uso wa mtu aliyeonewa, akakubali, na moja ndiyo niliyokuwa naitaka tangu mwanzo.

Masharti yake: tumalize kabla ya saa kumi na mbili jioni, na viti vijae, kwa sababu alitaka picha ya ukumbi uliojaa awaonyeshe wenye jengo.

Nikahesabu viti. 214. Nikarudia, 212. Viwili havikuwa na vikalio, vilikuwa na migongo tu.

Habari ikaenea kuanzia Umm Salal hadi Al Wukair. Tukaanza kuuita ukumbi ule Broadway. Madereva wanaulizana, "Utaenda Broadway?" Mayaya wakawa wanaomba ruhusa mapema kwa mabosi wao. Kuna dereva Mganda alininunulia shawarma tatu kwa wiki ili nimwekee kiti cha mbele. Nilimwekea. Shawarma ya nne niliikataa, nina mipaka.

Tatizo likabaki moja. Wachezaji sita, mimi nikiwemo kama mzee wa boma, tulikuwa walinzi wa kampuni moja. Tulihitaji off siku ile ile, saa zile zile. Na off ilikuwa mikononi mwa supavaiza wetu, Bwana Thapa, Mnepali mfupi, shati lina mikunjo ya pasi kama wembe.

Wakuu ambao hamjafanya kazi hii, lazima mwelewe kuhusu Bwana Thapa. Kila siku kabla ya zamu tulipanga mstari, naye anapita. Viatu. Kucha. Filimbi. Kitambulisho. Akiingia mahali popote, hata chooni, unasimama wima na kusema, "Good morning sir, all okay sir." Baada ya miaka mitatu mwili unafanya wenyewe, kichwa hakiulizwi.

Nikamwendea na Kiingereza changu cha getini, nikiomba watu wanane ili nipate sita.

"Wawili," akasema.

"Saba, sir."

"Wawili."

"Sir, mchezo hauwezi kuchezwa na watu wawili, mmoja wao yuko chini ya kitanda."

Akauliza mchezo unahusu nini. Nikamweleza. Nilipofika pale kwa bosi, akainua mkono.

"Huyo bosi anachezwa na nani?"

"Ssali, sir. Yule Mganda wa geti la nyuma."

"Ssali ni mlinzi. Mlinzi atakuwaje bosi?" Akanyoosha kola. "Bosi ni mimi."

Hivyo ndivyo biashara ilivyofungwa: off sita, nafasi moja.

Sista Imelda aliponisikia alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Anajua Kiswahili?"

"Anajua 'mambo' na 'pole pole'."

"Basi asiseme kitu chochote, Njoro. Aingie, aangalie chumba, atoke. Hatua saba kwenda, saba kurudi. Na avae suti."

Nikampelekea Bwana Thapa ujumbe na siku za mazoezi. Mazoezi akayakataa kabisa. "Miaka kumi na moja naingia vyumbani na watu wananitazama," alisema. "Nifanye mazoezi ya nini?"

Kwa hiyo nafasi yake tuliizoeza na kiti cha plastiki. Ssali anakisukuma ndani, sisi tunakiogopa, anakivuta nje. Ilienda vizuri sana kila mara. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba hakuna mlinzi anayesimama wima mbele ya kiti.

Ijumaa ikafika. Saa kumi kamili alasiri tunaanza, kumi na mbili kasoro robo tunamaliza, kumi na mbili mabasi yanaondoka, kwa sababu nusu ya watazamaji walikuwa na zamu ya usiku.

Nilisimama mlangoni nikiwa tayari nimevaa koti la mzee wa boma. Watu 212. Nikarudia: 212. Karibu nusu walikuwa walinzi wa kampuni yetu, wamepiga jeans na manukato. Waliobaki ni manesi, mayaya na madereva. Madam Rima mstari wa mbele na mpiga picha.

Sista alikuwa pembeni mwa jukwaa, kidole kwenye kitufe cha pazia. Amevaa gauni la kijani la harusi ya dada yake. Alibonyeza, pazia likaachana taratibu bila kupiga chafya. Akafumba macho sekunde moja. Nilimwona.

Na mchezo ulikuwa mtamu, sitaficha. Wafula, kijana wa Bungoma aliyecheza Musa, aliwadanganya wanakijiji hadi ukumbi ukawa unamjibu.

"Arobaini chini yangu!"

"Mwongo!" sauti kutoka nyuma. "Wewe uko gate three!"

Mimi kama mzee wa boma nilidai ng'ombe hadi mayaya wakanizomea. Raha tupu.

Ikafika zamu ya bosi. Wafula akapiga mbizi chini ya kitanda. Mlango wa jukwaa ukafunguka.

Bwana Thapa hakuvaa suti. Alivaa yunifomu ya kazi, nyota mabegani, daftari mfukoni.

Wakuu, sijui nani alianza. Nadhani ni miguu yangu. Nilijikuta nimetupa bakora, mikono ubavuni, kifua mbele. "Good evening sir, all okay sir!" Mzee wa boma, wa kijijini, ambaye kwa mujibu wa mchezo hajawahi kuona Mnepali.

Ssali, aliyekuwa jirani yangu kwenye mchezo, akasimama wima na kikombe cha chai mkononi. Wengine watatu hivyo hivyo. Halafu kitanda kikainuka. Nasema kiliinuka. Wafula alitoka mvunguni na godoro begani, akasimama mwisho wa mstari, akapiga saluti.

Nikasikia kishindo upande wa watazamaji. Karibu watu mia moja, wenye jeans na manukato, wamesimama mguu sawa.

Bwana Thapa alikuwa amekwenda hatua zake saba. Alitakiwa kuangalia na kutoka. Lakini mbele yake kulikuwa na mstari, na yeye akiona mstari anajua kufanya kitu kimoja tu.

Akatoa daftari.

Akaanza na Ssali. Kucha, sawa. Akaja kwangu, akaangalia chini. Nilikuwa na ndala za matairi.

"Shoes where?"

"Sir, mimi ni mzee wa kijiji, sir."

Akaandika.

Yaya mmoja mstari wa tatu akaangua kicheko, na hapo ukumbi wote ukapasuka. Watu wanalia. Walinzi waliosimama wanacheka huku wamesimama wima, mabega yanatetemeka, kwa sababu hakuna aliyeambiwa akae. Bwana Thapa alifika kwa Wafula, akamtoa godoro begani, akamrekebisha kola, akauliza filimbi iko wapi. Alikagua mstari wote. Sijui kama alisahau yuko wapi au alikuwa anajua vizuri mno. Mpaka leo sijui.

Mimi jicho moja lilikuwa kwa Sista. Alikuwa amejishika mdomo, na karatasi zake nane ziko kwapani. Dada wa Kampala aliyecheza mama yake Musa alikuwa nyuma yake, anangoja kuingia na hotuba. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika nane, na nje dereva wa basi la kwanza tayari anapiga honi.

Sista alitazama saa, akatazama karatasi, akatazama ukumbi.

"Dismiss!" akasema Bwana Thapa, akafunga daftari.

Na Sista akabonyeza.

Pazia likajifunga mbele yetu. Hakuna aliyeondoka. Mlinzi haondoki posti mpaka aje wa kumpokea, na wa kutupokea hakuwepo. Pazia likafunguka ili tuiname tushangiliwe, likatukuta vile vile, mguu sawa. Kicheko upya. Likajifunga, likafunguka, bado tupo.

"Ondokeni basi!" Sista akapiga kelele kutoka pembeni, machozi yanamtiririka, na sikujua ni ya aina gani.

Nilijua mara watu walipoanza kukimbilia mabasi. Alikuwa amekaa kwenye sanduku la nyaya, ameshika zile kurasa nane.

"Hazikusomwa," akaniambia.

"Hazikusomwa, Sista. Nisamehe. Nilibagain off, sikubagain miguu."

"Miaka sita, Njoro. Ule mwisho ndio mchezo wenyewe."

Nikainama kuokota bakora niliyokuwa nimeitupa.

Hapo akaja Madam Rima, wanja umemshuka hadi mashavuni kwa kucheka. Hakujua neno la Kiswahili, lakini alisema ameelewa kila kitu: mtu anaweza kudanganya kijiji kizima, lakini mwili wake unamjua bosi. Akasema hajawahi kuona mwisho wa mchezo wenye akili kama ule. Kisha akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyeuandika.

Tukatazamana. Wafula akanitazama mimi. Mimi nikatazama ndala zangu. Bwana Thapa akakohoa, akaanza kunyoosha kola.

Sista Imelda akainuka kabla hajamaliza kuinyoosha. Akazikunja zile kurasa nane za mama kuhusu ukweli, akazitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Mimi," akasema. "Tumeufanyia mazoezi mwezi mzima."

Alipanda ndege wiki mbili baadaye. Ndala zangu zilinigharimu mshahara wa siku moja, hilo nimeliacha lipite.

Nilichojifunza, wakuu: ukilazimika kumpa bosi nafasi kwenye jambo lako, usimpe nafasi isiyo na maneno. Mwandikie hata sentensi mbili azikariri, la sivyo atakuja na zake za nyumbani. Na usifanye mazoezi na kiti.

Haya, nimeshaongea sana. Waliowahi kuvaa yunifomu waseme hapa chini bila kujisifu: ungekuwa wewe ndiye Wafula, ungebaki chini ya kitanda?